Mguu au Kafi

Hoteli ya Makangale ilipofunga milango
Shaame, mlinzi wa usiku, alikuwa anadai miezi saba.
Wakamlipa kayaki mbili.
Akazipakia juu ya gari la matofali, akazileta Wete,
akazilaza mbele ya duka langu la ushoni.
Moja rangi ya chungwa, ina pedeli kama baiskeli.
Moja kijani kilichopauka, na kafi lenye bapa huku na huku.
"Chagua, Fundi Mati. Hii laki nane.
Hii ya kafi laki tatu, kwa kuwa tunapakana ukuta."

Barazani hawakunipa nafasi ya kufikiri.
"Ya pedeli ndiyo yako! Miaka thelathini na mmoja
unakanyaga cherehani. Wewe hata usingizini mguu unakwenda."
Kweli. Mke wangu Raya ana ushahidi
na michubuko ya muundi.

Nikaijaribu siku ya maji mafu.
Ikenda. Wallahi, ikenda.
Mikono yote miwili mitupu, haina deni,
mmoja kwenye mshipi, mmoja kwenye chambo.
Mkondo wa upande wa Fundo ukanivuta,
nikaukanyagia, nikasimama palepale
kama sindano iliyosita juu ya pindo.
Kolekole akala. Akazunguka, nikamzungukia.
Nikamtia ndani nikicheka peke yangu.

Kisha mguu ukaanza kukumbuka.
Kushoto: kola ya kanzu ya bwana harusi, Ijumaa hii.
Kulia: sare arubaini za skuli, vifungo bado.
Kushoto: Bi Tatu na gauni lake, analitaka libane,
halafu libanapo analitaka liachie.
Nilikwenda baharini kulikimbia duka
na duka lilikuwa chini ya nyayo zangu, linazunguka.

Maji yalikuwa yanatoka nami sikutazama.
Mapezi ya chini ya tumbo, yale yanayosukuma,
yakaingia kwenye kamba za mwani, pwani ya Mtambwe,
yakavuta, yakasokota, yakang'oa vigingi vinne.
Bi Mkasi alisimama, maji kiunoni,
mkononi mwani uliokatika.
Hakupiga kelele. Aliniuliza tu:
"Fundi, umekuja kushona au kufumua?"

Siku mbili nilikaa mchangani
nikimfungia mwani upya, fundo baada ya fundo,
yeye akikagua kwa kidole, akisema "legevu,"
kama mie ninavyowaambia wanafunzi wangu.

Basi nikaijaribu ya kafi.
Nyepesi; naibeba begani kama mkeka.
Inapita kwenye maji ya goti, juu ya majani,
juu ya kamba za Bi Mkasi, wala hazijui kama nimepita.
Ila kuvua nayo ni kazi ya mtu mwenye mikono mitatu.
Weka kafi mapajani, kamata mshipi,
na kabla hujauvuta, upepo umeshakugeuza kisogo.
Changu mmoja mnene nilimpoteza hivyohivyo:
nilichagua kati yake na kafi
na kafi lilikuwa linaelea kwenda zake.

Lakini miguu!
Imenyooka mbele yangu, imenyamaza,
kama wageni wawili waliofika kwa safari ndefu
na hakuna anayewauliza kitu.
Sikumbuki lini mara ya mwisho niliitazama hivi,
ina mvi za chumvi kwenye vidole.

Nikamlipa Shaame laki tatu.
Raya akasema laki tano zilizobaki zina kazi. Zilikuwa nayo.
Ile ya pedeli aliichukua Zuwena, muuguzi,
anayenyanyua wagonjwa wiki nzima.
Jumamosi ananipita, mikono iko juu,
ananionesha chewa urefu wa mtoto wa chekechea.
Anajua pa kupita, na saa ya kurudi.
Nampungia kwa kafi. Sina la kusema.

Jana usiku bega la kulia
likaniuliza ile ya pedeli ilikuwa bei gani vile.
Nikaligeuza, nikalilalia.